Planeri ya roketi: anza kupunguza gramu mkiani

Planeri ya roketi ni ndege ndogo ya kuchezea inayopandishwa na mota ya roketi, kisha huteleza kurudi chini. Gramu moja ya kole (gundi) iliyozidi mkiani hudai gramu mbili na nusu puani ili isawazike. Mkia uko sentimita 18 nyuma ya kitovu cha uzito, pua sentimita 7 tu mbele yake. Kwa planeri ya gramu 8, hapo umeongeza karibu nusu ya uzito wake.

Usipopata balsa (mbao nyepesi sana) Lubumbashi, chukua sahani za frigoliti (povu jepesi la plastiki) za kufungia nyama, unene wa milimita 3. Kata mabawa mawili ya sentimita 15, upana 7 shinani na 5 nchani, kwa wembe mpya, maana wembe butu huchana. Mkia ni 12 kwa 4, pezi 4.5 kwa 4. Mwili ni kijiti cha brosheti cha sentimita 27. Kisugue kwa msasa kuanzia katikati hadi nyuma kifikie milimita 2. Unga mabawa ncha zikiwa zimeinuka sentimita 3 kila upande. Tumia kole nyeupe ya mbao, ipake nyembamba, futa inayotoka kwa kidole, acha ilale usiku kucha. Kole ya washona viatu hula frigoliti, na ile ya kukauka papo hapo pia.

Kitovu cha uzito kiwe theluthi moja ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Ukisharekebisha hapo kwa plastisini puani, rusha taratibu kwa mkono alfajiri, upepo ukiwa umetulia. Ikipanda, ikasita, ikaanguka, kisha ikarudia, ongeza plastisini kiasi cha punje ya mtama. Ikichoma moja kwa moja chini, inua ukingo wa nyuma wa mkia milimita 1. Usiwashe mota kabla planeri haijateleza vizuri kwa mkono.

Mota iwe ya kiwandani, milimita 13, nusu A (daraja la nguvu yake) yenye kusubiri sekunde 2 tangu msukumo uishe hadi chaji, mlipuko wake mdogo wa mwisho. Ikisubiri zaidi, planeri huwa imeshaanza kupiga mbizi. Kamwe usitengeneze baruti yako: inakata vidole. Kibebeo cha mota, yaani kibomba kinachojitenga na planeri angani, kikae mbele, juu ya kinguzo cha sentimita 2, ili moto usilambe bawa. Mota ikiwemo, kitovu kihamie mbele ya ukingo wa bawa, la sivyo itapinduka angani.

Ndoano inayokishika kibebeo kwenye planeri ndiyo inayoharibu wengi. Chaji inaposukuma pua ya kibebeo nje, kibebeo hurudi nyuma na kuchomoka. Ikibana, planeri huanguka nacho. Ijaribu: shika planeri pua juu, tikisa kidogo, kibebeo kiteleze chenyewe. Tepe yake, utepe wa kukipunguzia kibebeo kasi kikianguka, ikunjwe ili isiukamate mkia.

Rusha kwa kiwashi cha umeme ukiwa mita 5, kwa ruhusa ya mwenye uwanja. Kati ya Mei na Septemba nyasi ni kavu: fyeka mita 2 kuzunguka na weka ndoo ya maji karibu.