Uliza Mwalimu: Abushiri na mapadri wa Bagamoyo

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni dereva wa bodaboda. Kijiweni kwetu tunabishana kila siku: wengine wanasema mapadri wa misheni ndio waliowafungulia Wajerumani mlango, wengine wanasema walikuja kukomboa watumwa tu. Babu yangu yuko na wale wa kwanza, na haambiliki. Nani mkweli? Na je, Livingstone alizikwa pale misheni?
M.S., Magomeni, Bagamoyo

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mimi ni Mwislamu wa Dunda, nimefundisha historia mpaka nikastaafu, kwa hiyo sina parokia ya kuitetea.

Kwanza miaka. Mapadri wa Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja mwaka 1868 wakiongozwa na Padri Horner, kwa idhini ya Sultani Majid. Mjerumani Carl Peters na mikataba yake ya hila kule Usagara ni 1884. Tena mapadri wale walikuwa Wafaransa, na Horner kwao ni Alsace, jimbo ambalo Wajerumani walilinyakua 1871. Mtu wa namna hiyo kumtumikia Mjerumani? Sidhani.

Lakini shahidi wangu mkubwa ni Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani. Kampuni ya Wajerumani ilipojitwalia utawala wa pwani Agosti 1888, Pangani ikawaka, moto ukafika hapa kwetu. Mji ukapigwa, nyumba zikateketea, na maelfu ya watu wakakimbilia misheni. Abushiri hakuigusa. Alielewana na Padri Étienne Baur wa misheni hiyo, wakawa wanazungumza. Sasa tazama Pugu, Januari 1889: misheni ya Wabenedikto, Wajerumani waliofika juzijuzi nyuma ya Kampuni, ilivamiwa na wamisionari wakauawa. Waliotekwa walikombolewa kwa fedha, na wapatanishi walikuwa mapadri wa hapa Bagamoyo. Kiongozi wa vita alijua padri yupi ni wa nani.

Hata hivyo, wale wa "kukomboa tu" nao wasishangilie. Watoto wengi walinunuliwa kwa fedha sokoni Unguja, kabla soko halijafungwa 1873. Wakaletwa hapa, kengele alfajiri, sala, darasa kidogo, kisha jembe. Walipokua waliozeshwa na kupewa nyumba katika kijiji cha misheni, na shamba la misheni likiwasubiri. Wapo waliotoroka. Mtoto aliyenunuliwa hakuulizwa anataka dini gani, na hilo mimi siwezi kulipaka sukari. Na Wissmann, kamanda wa Wajerumani, alipoushika mji, mapadri hawakumpinga. Waliendelea na kazi zao chini ya bendera mpya.

Serikali ya Wajerumani yenyewe haikuwa mtumishi wa kanisa. Pale Tanga ilifungua shule yake miaka ya mwanzo ya 1890, isiyofundisha Ukristo, ikatoa makarani na maakida (wasimamizi wa serikali vijijini), wengi wao Waislamu. Wamisionari walinung'unika sana.

Livingstone hakuzikwa hapa. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao waliufikisha mwili misheni Februari 1874, ukapelekwa Unguja kwa meli, na Aprili ukazikwa Westminster Abbey, London. Mnara wenye jina lake ndio unaowachanganya watu.

Babu yako mpe salamu. Akiizungumzia Pugu, usimbishie sana. Akihamia Bagamoyo, muulize kwa nini Abushiri aliiacha misheni isimame.