Re: Siku moja inatosha kuzunguka madaraja ya Dar?

Mkuu inatosha kabisa, na kwa swali lako la pa kuanzia mi nasema Ubungo, asubuhi mapema kabla foleni haijakaza, pale makutano ya juu ya Kijazi barabara zimepishana ngazi tatu, Morogoro, Mandela na Sam Nujoma, ilifunguliwa 2021. Toka hapo shuka na Mandela mpaka Tazara kwenye flaiova ya Mfugale ya 2018, na kitu nakipenda ni kwamba zote mbili zimepewa majina ya mainjinia wetu wenyewe, watu wanapita kila siku hawajui.

Nyoosha na Mandela hadi Uhasibu uingie daraja la Nyerere la Kigamboni, mita 680, limeshikwa na nyaya, magari yanalipia kwa hiyo uwe na chenji. Kurudi usirudie hapo hapo, panda pantoni utokee Magogoni, mji unauona vizuri sana ukiwa majini.

Daraja la Tanzanite liache mwisho na hiyo utembee kwa mguu aisee, zaidi ya kilomita moja juu ya bahari na njia ya watembea kwa miguu ipo, ukishuka tu uko karibu na ufukwe wa Coco mnapiga mihogo. Mkiwa wengi kodini Kosta (basi dogo), bajaji zitawatenganisha mpotezane.