Maswali na majibu: Ligi Kuu ya Uganda na hesabu za mataji zinazowashinda wengi

Maswali mengi safari hii yamehusu historia ya ligi yetu. Nusu yake ni lile lile la kila mara: nani ana mataji mengi? Ni SC Villa, 17. Anayefuata ni KCCA, 13. Sitalijibu tena mwaka huu.

Mbona mnasema ligi ilianza 1968 na FUFA, shirikisho la soka la Uganda, yenyewe imeandika 1924? (Msomaji, Soroti)

1924 ni mwaka wa shirikisho, 1968 ni mwaka wa ligi ya taifa. Kabla ya hapo watu walicheza mashindano ya wilaya na ya makombe, na bingwa wa Kampala hakuwa bingwa wa Uganda. Bingwa wa kwanza wa taifa ni Prisons ya Kampala, 1968, na ikarudia 1969. Kombe la Kakungulu, ambalo leo ni Kombe la Uganda, lilianza 1971 na ni mashindano ya mtoano. Usilijumlishe na ligi.

Simba iliyochukua ubingwa wa Uganda 1971 ndiyo Simba ya Dar es Salaam? (Msomaji, Mutukula)

Hapana! Hiyo ni Simba ya jeshi la Uganda, iliyokuwa ikiitwa Army. Mwaka 1972 ilifika fainali ya Klabu Bingwa Afrika ikafungwa na Hafia ya Guinea. Swali hili huletwa kila baada ya miezi michache na watu wanaosoma kichwa cha habari wakaachia hapo.

Kila mahali nakuta idadi tofauti ya mataji ya Vipers na URA. Nimwamini nani? (Msomaji, Jinja)

Usimwamini mtu, hesabu mwenyewe. Makosa huingilia milango mitatu.

Wa kwanza ni majina. Vipers ya Kitende ilikuwa Bunamwaya, na kwa jina hilo ilichukua ubingwa wa 2009/10. Ongeza 2014/15, 2017/18, 2019/20, 2021/22, 2022/23 na 2024/25, unapata 7 hadi msimu huo. Anayekwambia 6 ameiacha Bunamwaya nje. KCCA ni KCC ile ile iliyoanzishwa 1963 na Samuel Wamala, aliyekuwa mkuu wa kitengo cha majitaka cha jiji. Jina lilibadilika baada ya halmashauri kugeuzwa kuwa mamlaka, mataji hayakubadilika. Na Villa ilianza 1975 kama Nakivubo Boys, ingawa hiyo haimsumbui mtu kwa sababu taji lake la kwanza, la 1982, lilikuja ikiwa tayari Villa.

Wa pili ni kalenda. Kwa miaka mingi msimu ulianza na kuisha ndani ya mwaka mmoja. Baadaye ukavuka mwaka, ukarudi, ukavuka tena. Ndiyo maana kuna msimu wa 2002/03, halafu 2004, 2005 na 2006, kisha 2006/07. URA ilishinda 2006 na pia 2006/07. Mtu akiona 2006 mara mbili anadhani ni kosa la chapa, anafuta moja, na URA inabaki na mataji 3 badala ya 4. Hesabu kwa misimu, usihesabu kwa miaka. Mengine mawili ya URA ni 2008/09 na 2010/11.

Wa tatu ni miaka isiyo na bingwa. Baada ya Simba 1971, bingwa anayefuata ni Express 1974. Katikati hapo hakuna taji la mtu. Ukikutana na orodha iliyojaza 1972 na 1973, iache.

Kuna na msimu wa 2012/13, ambapo kampuni iliyokuwa ikiendesha ligi iligombana na FUFA, zikaanzishwa ligi mbili kwa wakati mmoja. Linalotambuliwa ni taji la KCC, la ligi ya FUFA, kwa sababu CAF ya Afrika na FIFA ya dunia hushughulika na shirikisho la taifa tu. Ligi isiyo na shirikisho haiwezi kupeleka bingwa wake Afrika, hata kama uwanja umejaa. Viongozi wa klabu wanaotishia kujitenga kila FUFA inapowaudhi wausome msimu huo kwanza.

Coffee, UCB na Nile zilikuwa bingwa. Zilienda wapi? (Msomaji, Masindi)

Hili ndilo swali ambalo ningependa viongozi wa klabu za leo waulizane.

Soma orodha ya mabingwa wa zamani huku ukijiuliza nani alikuwa analipa mishahara. Prisons 1968 na 1969: idara ya magereza. Coffee 1970: biashara ya kahawa iliyokuwa mikononi mwa serikali. Simba 1971 na 1978: jeshi. UCB 1979: benki ya serikali. Nile 1980: kiwanda cha bia cha Jinja. KCC: halmashauri ya jiji. Mchezaji aliajiriwa kama karani, askari au fundi, mshahara ukaingia mwisho wa mwezi afunge asifunge, na alipochoka mpira alibaki na kazi. Kwa wakati wake ulikuwa mpango mzuri. Vijana walihama kutoka klabu za mashabiki kwenda za ofisi kwa sababu hiyo, na ni vigumu kuwalaumu.

Ubaya wake ni kwamba timu ilikuwa mstari mmoja tu kwenye bajeti ya mtu mwingine. Simba ilikuwa bingwa 1978. Aprili 1979 jeshi lililokuwa likiilisha lilikimbia Kampala, na bingwa wa mwaka huo akawa UCB. Miaka ya 1990 mashirika ya umma yalipobinafsishwa, mstari wa kwanza kukatwa ulikuwa ule wa michezo. Mnunuzi wa benki hanunui golikipa. Hakukuwa na wanachama, uwanja wala jengo la kuuza, kwa hiyo hakukuwa na cha kuokoa.

Sasa tazama ligi ya leo: URA ya mamlaka ya mapato, Police, UPDF ya jeshi, NEC ya shirika la biashara la jeshi, Maroons ya magereza, KCCA ya jiji. Mfumo ni ule ule. Na Vipers, ambayo haitegemei ofisi ya serikali, inamtegemea Lawrence Mulindwa, rais wa zamani wa FUFA, na uwanja wa Kitende ni wa kwake. Sisemi Vipers inaendeshwa vibaya. Uwanjani ndiyo inayoendeshwa vizuri kuliko zote. Ila klabu yoyote ya ligi hii iulizwe swali moja: anayelipa akiondoka Ijumaa, Jumatatu nani anafungua mlango wa mazoezi? Ikibabaika, basi inaelekea walikokwenda Coffee.

Express ina mashabiki kila kona. Mbona mataji 7 tu? (Msomaji, Ndeeba)

Kwa sababu mashabiki si mfuko. Express ilianzishwa 1957, ikakuzwa na Jolly Joe Kiwanuka, na ilikuwa timu ya watu kabla ligi haijazaliwa. Ilishinda 1974 na 1975, halafu 1977 serikali ya Idi Amin ikaifungia na wachezaji wakatawanyika. Kufungiwa kuliondolewa baada ya Amin kuanguka, lakini ubingwa haukurudi kwenye uwanja wake wa Wankulukuku hadi 1993. Ikaongeza 1995, 1996, 2011/12 na 2020/21. Kwa hiyo sehemu ya lawama ni ya siasa.

Sehemu nyingine ni ya mlangoni. Klabu ya mashabiki inaishi kwa kiingilio, na kiingilio chetu kinavuja kama gunia lililotoboka. Dawa yake haihitaji mtambo. Tiketi ziwe na namba za mfululizo. Kila muuzaji asaini namba ya kwanza na ya mwisho ya kitabu alichopewa. Mlangoni tiketi ichanwe mbele ya mwenyewe, kipande kibaki. Filimbi ya mwisho ikilia, vitabu vyote virudi, namba zitolewe, zilinganishwe na fedha mezani, ndipo mtu yeyote alipwe. Panapoharibika panajulikana: tiketi haichanwi, inarudi dirishani na kuuzwa mara ya pili; walinzi wanalipwa kutoka kwenye boksi kabla ya hesabu; na kuna geti la "wageni" ambalo hupitisha nusu ya mtaa. Shabiki anayempa mlinzi nusu ya bei ili apite, kisha jioni analia kwamba klabu haisajili, ajue fedha ya usajili aliiacha mlangoni.

Msimu huu nani atachukua? (Wasomaji wengi)

Safu hii ni ya mambo yaliyokwisha kutokea. Na kama unauliza kwa ajili ya mkeka wa kubeti, weka hela zako mfukoni.

Ni lini timu ya huku kwetu itachukua ubingwa? Kila mwaka Kampala tu! (Msomaji, Arua)

Nile ya Jinja ilichukua 1980, na Jinja ni kilomita 80 tu kutoka Kampala. Yenu, Onduparaka, ilipanda 2016, ikajaza uwanja, ikashuka 2023. Haikukosa vipaji.

Piga hesabu. Ligi ya timu 16 ni mechi 30, na 15 ni za ugenini. KCCA ikienda kucheza na Express inatoka Lugogo kwenda Wankulukuku, wachezaji wanalala kwao. Timu ya Arua inavuka Pakwach na Karuma, zaidi ya kilomita 450, kucheza na mtu yule yule. Msafara wa watu 25 kwa siku mbili ni vitanda 50 na sahani 150 za chakula, bado mafuta ya basi. Rudia hivyo kwa kila klabu ya Kampala na Wakiso, ambazo ndizo nyingi. Fedha ya udhamini ikigawanywa sawa kwa sawa, mwenzako ananunua mshambuliaji na wewe unanunua dizeli. Muwaombe wajumbe wenu wa FUFA wapiganie fungu la usafiri linalolipwa kwa kilomita. Hilo litawafaa kuliko kelele za upendeleo wa waamuzi. Na klabu ipangiwe mechi mbili za ugenini ndani ya wiki moja, ilale Kampala mara moja badala ya kusafiri mara mbili.

Mataji ya wakati wa korona ni halali? (Msomaji, Lira)

Halali. Kanuni inasema ligi ikikwama baada ya robo tatu ya mechi kuchezwa, anayeongoza ni bingwa. Mwaka 2020 mechi 25 kati ya 30 zilikuwa zimechezwa, Vipers ina pointi 54, KCCA 50. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Express. Aliyetaka kuongoza alikuwa na mechi 25 za kufanya hivyo.

Rekodi ya mabao kwa msimu ni ya nani? Na zile 22 za Villa ni kweli? (Msomaji, Mbale)

Andrew Mukasa "Fimbo" wa Villa, mabao 45 mwaka 1999. Kwa ligi ya leo ya mechi 30 hilo ni bao moja na nusu kila mechi. Kabla yake rekodi ilikuwa ya Jimmy Kirunda, 32 mwaka 1978, na Kirunda alikuwa beki. Binafsi namheshimu zaidi yeye.

Ya 22 ni kweli: Villa 22, Akol 1, mwaka 2003. Mechi ina dakika 90. Toa muda wa kushangilia na wa kurudisha mpira katikati, uone kilichobaki cha kucheza. Mabao 22 hayafungwi na upande mmoja peke yake. Taji la msimu huo bado limo katika yale 17. Ni moja ya saba mfululizo, kuanzia 1998 hadi 2004, na linaichafua Villa iliyokuwa na uwezo wa kushinda kwa haki: hii ndiyo timu iliyofika fainali ya Klabu Bingwa Afrika 1991. Baada ya 2004 ilingoja miaka 20 kupata jingine. Anayesema kupanga matokeo kulianza na kampuni za kubeti hana kumbukumbu.

Marehemu mzee wangu alisema alicheza ligi kuu miaka ya 1970. Nitathibitisha vipi? (Msomaji, Kasese)

Anza kwa kujua timu na miaka, hata kwa kukadiria, na jina alilochezea. Wengi walijulikana kwa jina la utani, na gazeti liliandika hilo hilo.

Kisha nenda kwenye magazeti ya zamani. Maktaba kuu ya Makerere ina hifadhi yake. Miaka ya mwanzo ya ligi tafuta Uganda Argus. Wakati wa Amin, Voice of Uganda. Baada ya 1979, Uganda Times. Kuanzia 1986, New Vision. Kuanzia 1992, Monitor. Mechi nyingi zilikuwa za mwisho wa wiki, kwa hiyo soma toleo la Jumatatu na la Jumanne kabla ya mengine. Andika tarehe, ukurasa, matokeo na wafungaji, upige na picha ya ukurasa mzima. Kipande kilichokatwa bila tarehe hakithibitishi kitu.

Mitego ni mitatu. Mechi ya kirafiki au ya kombe huandikwa ukurasa ule ule na ya ligi. Soma hadi aya ya mwisho. Msimamo wa ligi wa wiki moja unaweza kuwa na kosa la chapa, ulinganishe na wa wiki inayofuata. Na ushindi enzi hizo ulikuwa pointi 2, usije ukadhani wamekosea kujumlisha.

Kama timu yake ilikuwa ya ofisi, faili la ajira linaweza kukusaidia kuliko gazeti. Aliyeichezea Prisons au Police alikuwa na namba ya utumishi. Nenda na cheti cha kifo na kitambulisho chako, uombe kwa barua, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri huo, ukirudi baada ya mwezi utaanza upya.