Mteja kasema hii si ile ya kwenye picha

Shikamoo Mzee. Nauza miche ya maua hapa Gungu, Kigoma, na wateja wengi nawapata WhatsApp. Waridi jekundu nikilipiga kwa simu linatoka doa tupu, mikunjo haionekani. Mwanangu akaniwekea programu ya kukoleza rangi, sasa bogonvilia zinawaka kweli. Lakini juzi mteja karudisha mche, eti si ile ya kwenye picha. Nimekosea wapi?
Mama Miche

Marahaba, mama. Kuna kosa la simu na kosa la mwanao. Tuanze na la simu.

Nyekundu ni rangi korofi. Kwenye jua kali, sehemu ya kamera inayopokea wekundu hujaa kabla ya nyingine, na ikishajaa haitofautishi tena mkunjo na mkunjo. Basi usipige saa sita mchana. Piga asubuhi, au sogeza kopo kivulini, gusa ua kwenye kioo ushikilie kidogo, kisha teremsha mwanga mpaka mikunjo irudi. Futa lenzi kwanza (watu wa Kigoma na mafuta ya dagaa vidoleni mnajijua). Usivute kwa zumu, piga magoti usogee wewe. Na kama kitalu umekifunika turubai la buluu, toka chini yake, litakupakia buluu kwenye kila ua jeupe. Jioni jua likizama upande wa Kongo, waachie maharusi. Mwanga ule unageuza jeupe kuwa la njano.

Sasa la mwanao. Programu hiyo ifute. Kuosha vumbi majani ruksa, mvua ingefanya hivyohivyo. Kunyunyizia maji yafanane na umande mimi sipendi, ila sikukatazi, hakuna mteja anayenunua umande. Rangi ndiyo anayonunua.

Nasema hivi kwa sababu nimeshaadhirika. Enzi za filamu, picha 36 kwa mkanda, nyumba moja ya wageni hapa Tabora iliniita nipige bustani yao. Ilikuwa Septemba, ardhi imekauka, hakuna hata ua. Nikaazima vyungu saba kwa jirani, nikavipanga chini ya mwembe, nikapiga. Picha ikatundikwa mapokezi. Mgeni mmoja akaizunguka nyumba nzima akiitafuta bustani, mpaka mhudumu akamleta studio kwangu. Nilimpeleka kwa jirani. Alicheka yeye, mimi sikucheka.

Mpigie yule mteja, mrudishie hela au umpe mche mwingine. Mwambie pia bogonvilia ikipandwa penye jua la kutosha inakolea yenyewe. Halafu chungulia katikati ya zile rangi: hayo ni majani tu, ua lenyewe ni kile kidogo cheupe cha ndani. Lipige hilo kwa karibu, wateja wengi hawajawahi kuliona.