Maji yakichemka, molekuli huachana ila hazivunjiki

Mkuu, umeuliza kwa nini maji huchemka kwa nyuzi 100 ilhali haidrojeni salfaidi, yenye salfa mahali pa oksijeni na ambayo molekuli yake ni nzito karibu mara mbili, tayari ni gesi kwenye joto la kawaida. Waliokujibu kwamba "bondi ya oksijeni na haidrojeni ni ngumu kukatika", yaani kifungo kinachoshikanisha atomu hizo ndani ya molekuli, wamekupoteza njia. Nimefundisha kemia sekondari miaka mingi, na hakuna kosa nililolisahihisha kwenye madaftari mara nyingi kama hilo.

Wakati fulani nilimwuliza mwanafunzi wangu mmoja, tena hodari, mapovu ya maji yanayochemka yana nini ndani yake. Akajibu bila kusita: haidrojeni na oksijeni. Nikamwambia kama ni hivyo, basi kuchemsha maji juu ya moto kungekuwa mlipuko kila siku. Akanyamaza. Tukabandika bika la kioo motoni, tukainama kutazama pamoja. Maji yalipopata uvuguvugu, vipovu vidogo vilianza kung'ang'ania ukuta wa kioo. Hiyo ni hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani ya maji. Baada ya muda mrefu ndipo yalipoanza kupanda mapovu makubwa kutoka chini kabisa. Hayo ni mvuke. Tukashika kipande cha kioo baridi juu ya bika, kikajaa matone: maji yaleyale, molekuli nzima kama zilivyokuwa.

Tazama tofauti ya nishati. Kukata bondi zote zilizomo katika moli moja ya maji, yaani gramu 18 hivi, kunahitaji zaidi ya kilojuli 900. Kuigeuza moli hiyohiyo kuwa mvuke ni kama kilojuli 41 tu. Kwa hiyo swali lako halihusu bondi zilizo ndani ya molekuli. Linahusu jinsi molekuli moja inavyomshika jirani yake.

Oksijeni ni ndogo na ina uchu mkubwa wa elektroni. Huzivuta upande wake hadi haidrojeni inabaki na chaji chanya kidogo, na haidrojeni hiyo huvutwa na oksijeni ya molekuli ya pili. Hiyo ndiyo bondi ya haidrojeni, na molekuli moja ya maji inaweza kushikana hivyo na majirani hadi wanne. Salfa haivuti elektroni kwa nguvu hiyo, ndiyo maana haidrojeni salfaidi huchemka kwenye nyuzi 60 hivi chini ya sifuri.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa ethanoli na dimethili etha. Atomu ni zilezile: kaboni mbili, haidrojeni sita, oksijeni moja, na uzito uleule. Ethanoli huchemka kwa nyuzi 78. Etha huchemka kwenye nyuzi 24 chini ya sifuri. Kilichobadilika ni kwamba kwenye ethanoli haidrojeni moja imefungwa kwenye oksijeni, na kwenye etha hakuna hata moja.

Mchangiaji mwingine ameandika kwamba molekuli zisizo na ncha za chaji, yaani upande chanya na upande hasi, hazivutani kabisa. Hapana. Iodini haina ncha, lakini ni yabisi. Elektroni hazitulii, kwa kitambo kidogo mno huelemea upande mmoja, na mwelemeo huo huziyumbisha elektroni za jirani, wakavutana. Mwanafizikia Fritz London aliueleza mvutano huu mwaka 1930. Kadiri elektroni zinavyokuwa nyingi ndivyo unavyokua, na ndiyo sababu florini na klorini ni gesi, bromini kimiminika, iodini yabisi. Hata umbo lina neno lake. Pentani iliyonyooka huchemka kwa nyuzi 36, na ndugu yake neopentani, mwenye atomu zilezile ila amejikunja kama mpira, huchemka kwa nyuzi 10 hivi. Vijiti vikilazwa pamoja hugusana urefu wote. Mipira hugusana nukta moja tu.

Barafu kuelea ni habari hiyohiyo: bondi za haidrojeni zinazipanga molekuli kwa nafasi kubwa kuliko zilivyokuwa kwenye maji.

Kama una kipande cha kioo, dondosha juu yake tone la asetoni, la maji na la gliseroli, mbali na moto kwa sababu asetoni hushika haraka. Molekuli ya asetoni ni nzito mara tatu kuliko ya maji, lakini haina haidrojeni iliyofungwa kwenye oksijeni, na tone lake litatoweka huku unalitazama. La maji litakawia. Gliseroli ina vikundi vitatu vya oksijeni na haidrojeni kwenye molekuli moja. Lirudie tone lake kesho, utalikuta.