Saa ya Alfajiri ya Toni Morrison: Kwenu Mnaoanza Kuandika

Wadogo zangu mnaoanza kuandika riwaya, swali mnaloniuliza kila mara ni lile lile: nitaandika saa ngapi, na kazi ninayo, na watoto ninao? Nimehariri miswada kwa miaka mingi, na nikiulizwa hivyo humtaja Toni Morrison, mwandishi wa riwaya wa Marekani.

Alizaliwa Lorain, Ohio, mwaka 1931. Riwaya yake ya kwanza, The Bluest Eye, ilitoka 1970, yeye ana miaka 39. Ilianza kama hadithi fupi ya binti mweusi anayetamani macho ya buluu, aliyoipeleka kwenye kikundi cha waandishi huko Washington alipokuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Howard. Ndoa ikavunjika mwaka 1964, akabaki na watoto wawili wa kiume, akaenda mji wa Syracuse, jimbo la New York, kuhariri vitabu vya shule. Mchana ulikuwa wa mwajiri, jioni ya watoto. Iliyobaki ni alfajiri. Aliamka kungali giza, akatengeneza kahawa, akainywa huku akiutazama mwanga unavyoingia, ndipo akashika penseli.

Kuna kisa alichokisimulia mwenyewe. Siku moja yuko katikati ya kuandika, mtoto akatapika juu ya karatasi. Hakuacha. Aliendelea kuandika akiyazunguka matapishi, kwa kuwa yale yangefutika baadaye, lakini sentensi ile ikishapotea huenda asiipate tena.

Kazi ya mchana nayo msiichukie. Mimi niliichukia. Miaka ya mwanzo niliona kila mswada wa mtu mwingine ni saa niliyonyang'anywa, na nilikosea sana, kwani ni katika kunyoosha mazungumzo ya wahusika wa wenzangu ndipo nilipogundua kwamba wa kwangu walikuwa wakihutubia tu. Morrison, akiwa mhariri katika shirika la uchapishaji la Random House, New York, alihariri vitabu vya mwanaharakati Angela Davis, mwandishi wa riwaya Gayl Jones na bondia Muhammad Ali. Kimo pia The Black Book cha 1974, mkusanyiko wa picha, matangazo na habari za magazeti kuhusu maisha ya Wamarekani weusi. Katika kuukusanya akakutana na habari ya Margaret Garner, mtumwa aliyetoroka Kentucky mwaka 1856 akavuka mto Ohio ulioganda kwa baridi, na alipozingirwa akamuua bintiye asirudishwe utumwani.

Hakuikimbilia habari ile. Alitoa kwanza Song of Solomon mwaka 1977 na Tar Baby 1981, akaacha ajira 1983, na Beloved, riwaya iliyotokana na habari ile, ikatoka 1987. Mwaka uliofuata ikapata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi ya Marekani. Tuzo ya Nobel ya Fasihi ilikuja 1993.

Kwa hiyo mkiwa kazini mkikutana na jambo likawakaa moyoni, linakilini, mlitie kwenye faili, mwandike tarehe pembeni. Langu moja liko kwenye droo tangu 2011, na bado nalifungua.