Kabla Hujaiacha Mashine Ikifanya Kazi Wikendi Nzima

Wadogo zangu mlioingia kitengo cha data mwaka huu, Jumatatu asubuhi nilikuta mashine mbili za GPU (kadi za kukokotoa hesabu nyingi kwa pamoja) zikiendelea kufunza modeli, yaani programu inayojifunza kutokana na data, tangu Ijumaa bila mtu wa kuziangalia. Nawapenda, na mnajifunza upesi kuliko nilivyojifunza mimi, lakini kosa hili nimeshalieleza mara tatu, na safari hii nalieleza kwa kirefu.

1. Kila kazi ya kufunza modeli iwekewe kikomo. Mwaka wangu wa pili kazini, usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu, nilianzisha kazi kwenye seva yenye kadi nane za GPU, kisha nikapanda basi kwenda Tanga kumsalimia mama. Kipimo cha makosa ya modeli kiligeuka NaN (yaani si namba tena) usiku uleule, lakini kwa kuwa sikuwa nimeweka sharti la kuisimamisha, kadi ziliendelea kukokotoa upuuzi hadi Jumatatu usiku. Kadi moja ya aina ile huvuta hadi wati 400. Nane kwa saa 96 hukaribia uniti 307, kabla ya kuhesabu umeme wa kupoza chumba. Jumamosi ya wikendi hiyohiyo nilikuwa nimemnunulia mama LUKU, umeme wa kulipia kabla. Yeye yuko tarifu ya D1, ya bei nafuu kwa watumiaji wadogo, na huzima friji usiku asije akavuka uniti 75 kwa mwezi na kupandishwa tarifu. Niliporudi na kupiga hesabu, niliona kwamba nimeteketeza umeme unaotosha nyumba yake miezi minne, wala sikuwa na jibu hata moja la kuonyesha. Ofisini niliulizwa kuhusu dola tu. Kuhusu umeme hakuna aliyeuliza, nami sikuutaja. Kunyamaza huko kunaniuma hadi leo kuliko kosa lenyewe.

2. Angalieni seva iko wapi. Ile yangu ilikuwa Afrika Kusini, ambako umeme mwingi hutokana na makaa ya mawe. Niliichagua kwa sababu ya ukaribu, ilhali kazi ya kufunza haihitaji ukaribu na mteja. Kufunza GPT-3, modeli ya lugha yenye vigezo (namba ambazo modeli hujifunza) bilioni 175, kulikadiriwa kutoa tani 552 za hewa ya ukaa; BLOOM, modeli nyingine ya lugha yenye bilioni 176, ilifunzwa Ufaransa kwenye gridi inayotegemea nyuklia, na umeme wake ulitoa takriban tani 25. BLOOM ilitumia umeme pungufu pia, takriban theluthi moja ya ule wa GPT-3, lakini sehemu kubwa ya tofauti hiyo inatokana na chanzo cha umeme.

3. Anzeni na modeli ndogo. Kutenganisha malalamiko ya wateja na maulizo yao hakuhitaji modeli ya mabilioni ya vigezo.

4. Kwenye ripoti kwa wakubwa, andikeni uniti zilizotumika kando ya gharama, hata kama hawajaziuliza.

Mashine zile mbili nimezizima, na kumbukumbu zake nimezihifadhi. Mwenye nazo aje mezani kwangu tuzisome pamoja.